VIGAWO NA VIGAWE SI HESABU ZA WATOTO

Wenzangu wapo wasemao kwamba vigawo na vigawe ni hesabu za shule ya msingi, wala hazimfai mtu anayengoja mtihani wa Kidato cha Nne. Mimi sikubaliani nao.

Kwanza tukumbushane maana. Vigawo vya 12 ni namba nzima zinazoigawa bila kubakiza: 1, 2, 3, 4, 6 na 12. Vigawe vyake hupatikana kwa kuzidisha: 12, 24, 36, na kuendelea. Vigawo huhesabika vikaisha, vigawe haviishi.

Sasa twende shambani, maana wengi wetu hapa Mbeya na jirani zetu wa Iringa ni watoto wa wakulima. Tuseme mzazi wa Mufindi amepanda miti ya mbao, mstari hadi mstari mita 3, yaani sentimita 300, naye ataka kupanda mahindi kati yake miti ingali michanga. Akiacha sentimita 75 kati ya mistari ya mahindi, kila mstari wa nne utaangukia penye miti, kwa kuwa 300 ni kigawe cha 75. Atauruka huo tu. Lakini akiacha sentimita 80, Kigawe Kidogo cha Shirika cha 80 na 300 ni 1,200. Mistari itakutana kila baada ya mita 12 tu, na kwingine mahindi yatasongana na miti.

Hata serikali hazikuepuka jambo hili. Wakati wa Wajerumani rupia moja ilikuwa na pesa 64. Mwaka 1904 wakaigawa upya kwa heller 100. Namba 64 hugawika nusu kwa nusu mara sita hata kufika 1. 100 hugawika hivyo mara mbili tu, ikakwama penye 25. Basi sehemu ya kumi na sita ya rupia, iliyokuwa pesa 4 kamili, ikawa heller 6 na robo. Kwa upande mwingine, sehemu ya kumi, isiyopatikana kamili katika 64, ikawa heller 10. Kubadili namba ni kubadili namna watu wanavyogawana sokoni.

Kwa nini basi wengi wetu twaanguka katika Hisabati? Naona sababu moja ni hii: tuliyasoma haya kwa Kiswahili, kisha tulipoingia Kidato cha Kwanza yakaja kwa majina ya Kiingereza, nasi tukadhani ni somo jipya. Tukakariri kanuni bila maana, na sehemu na aljebra zikatushinda.

Kwa hiyo nawaomba walimu wetu, katika juma la kwanza la Kidato cha Kwanza, wayaweke majina ya lugha zote mbili ubaoni pamoja. Sisi wa vidato vya juu tuwasaidie wadogo zetu jioni mabwenini. Nanyi wazazi, wakati wa likizo msitupe jembe tu. Tupeni na kamba ya kupimia.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne