Nani Kasema Upendo Unatosha?

Novemba 2014 picha moja ilizunguka dunia. Mvulana Mweusi wa miaka 12, machozi yakimtiririka, amemkumbatia polisi Mzungu kwenye maandamano ya Portland, Oregon. Wengi waliiona kuwa ushahidi kwamba upendo hauna rangi. Mvulana huyo alikuwa akilelewa na wanawake wawili Wazungu, Jennifer na Sarah Hart, walioasili watoto sita wenye asili ya Kiafrika kutoka Texas.

Machi 2018 gari la familia hiyo liliporomoka kwenye genge la bahari huko California. Uchunguzi uliofanywa mwaka uliofuata uliamua kwamba watoto wale waliuawa kwa makusudi na walezi wao.

Walezi wa aina hiyo ni wachache mno, na wapo Wazungu wengi wanaolea watoto Weusi vizuri. Lakini tazama watoto walikotolewa. Mvulana yule na ndugu zake wawili walikuwa kwa shangazi yao Texas. Shangazi aliwaacha na mama yao mzazi naye akienda kazini, jambo alilokatazwa, basi ustawi wa jamii ukawaondoa. Alikwenda mahakamani kuwadai. Wakapewa wageni wa Minnesota, akina Hart. Mwaka 2011 Sarah Hart alikiri mahakamani huko kwamba alimpiga mmoja wa watoto hao sita, na bado watoto wakabaki palepale. Kosa la shangazi halikusameheka, la mlezi mgeni likasameheka.

Imani kwamba rangi haihusiki na malezi imeandikwa hadi kwenye sheria. Mwaka 1994 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyosukumwa na Seneta Howard Metzenbaum, kisha ikakazwa mwaka 1996: mtoto asicheleweshwe wala kunyimwa familia kwa sababu ya rangi. Nia ilikuwa njema, maana watoto Weusi walikuwa wakingoja miaka. Sheria hiyohiyo iliagiza majimbo yatafute kwa bidii walezi wanaofanana na watoto wenyewe. Agizo hili lilipuuzwa, lile la kwanza likapewa meno: mwaka 2003 Ohio ilitozwa faini ya dola milioni 1.8 kwa kuzingatia rangi. Ofisa ustawi wa jamii aliyesikia habari hiyo angethubutu tena kumuuliza mlezi kama anajua kumsuka mtoto?

Na swali hilo si la urembo. Nywele za kipilipili zisipochanwa na kupakwa mafuta ipasavyo hukatika, na msichana akipelekwa shule kichwa kikiwa hivyo huchekwa. Ngozi hukauka ikapauka. Kijana wa kiume anahitaji mtu wa kumfundisha mikono iwe wapi polisi anaposimamisha gari, na mzazi Mweusi humfundisha hayo mapema kwa kuwa yeye mwenyewe alishasimamishwa. Bado kuna kanisa, chakula, utani wa ukoo, na kujua anafanana na nani. Kumpenda mtoto ni jambo la kwanza. Kumlea ni ujuzi, na ujuzi hufundishwa.

Watetezi wa imani kwamba rangi haihusiki huuliza: je, mtoto akae kituoni angoje mlezi wa rangi yake? Swali hilo linaficha watu wanaosimama mlangoni: ndugu walio tayari kulea. Simone Biles, bingwa wa sarakasi wa Olimpiki, aliwahi kuwa katika malezi ya kambo, yaani chini ya walezi waliopangwa na serikali. Babu yake na mke wake walimchukua yeye na mdogo wake, shangazi wa ukoo akawachukua wakubwa wao wawili.

Watoto Weusi ni kama asilimia 14 ya watoto wa Marekani, lakini ni zaidi ya asilimia 20 ya walio katika malezi ya kambo. Wengi wa watoto wanaoondolewa nyumbani hawakupigwa. Kosa linaloandikwa ni kutotunzwa, neno ambalo mara nyingi hufunika umaskini mtupu. Kisha bibi mwenye nyumba ndogo huambiwa hafikii vigezo, ilhali mgeni hulipwa kila mwezi kwa kazi ileile.

Septemba 2023 serikali ya Marekani iliruhusu majimbo kuwawekea ndugu wanaolea watoto wa ukoo vigezo vyao, na ikaagiza walipwe sawa na walezi wengine. Majimbo hayakulazimishwa kuviweka.