Ubora wa Tuktuk Hauishii Kiwandani

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kauli hiyo ilinijia akilini nikiwa sokoni Ogwedhi, Kaunti ya Migori, karibu na mpaka wa Transmara. Tuktuk niliyoiabiri ilikuwa imegoma. Dereva aliapa kwamba vyombo vya siku hizi ni karatasi tupu. Fundi alipoifungua, alikuta chujio la hewa limezibwa na vumbi, na oili iliyosalia ni kidogo, nyeusi kama lami. Chini ya kiti kilikuwamo kijitabu cha maelekezo, kingali ndani ya mfuko wake wa nailoni. Kilikuwa kimeandikwa kwa Kiingereza.

Je, hapo alaumiwe nani?

Chombo hiki hakikubuniwa kwa mzaha. Kampuni ya Piaggio ilianza kuunda Ape nchini Italia mwaka 1948, wakati Ulaya iliyoharibiwa na vita ilipohitaji usafiri wa gharama nafuu. Baadaye kampuni ya Bajaj ya India ilivisambaza vyombo vya aina hii hata jina lake likawa nomino ya kawaida kwa ndugu zetu wa Tanzania: bajaji. Wepesi wa bodi na udogo wa injini ndio unaokifanya kitumie petroli kidogo na kutengenezeka kwa urahisi.

Hata hivyo, wepesi huo una masharti. Tuktuk ya kawaida ya abiria imekusudiwa kumbeba dereva na abiria watatu. Ikipakiwa watu sita na magunia ya mahindi juu ya barabara ya mashimo, kiunzi huanza kupasuka penye viungo vilivyochomelewa, na beringi hulegea. Kwa kuwa mbele ina gurudumu moja tu, ikikata kona kwa kasi hupinduka upesi. Nalo vumbi likipenya chujio husaga silinda na pistoni. Hapo kinachopotea ni riziki ya familia, na pengine maisha ya abiria.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 46, inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, pamoja na habari anazohitaji ili anufaike nazo kikamilifu. Ibara ya 7 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Kwa maoni yangu, maelezo yasiyosomeka kwa mnunuzi si habari. Ni mapambo ya kiwandani.

Wapo watakaosema kwamba ufundi hufunzwa kwa macho na mikono, si kwa vitabu. Ni kweli kwa fundi. Lakini anayeamka na chombo kila alfajiri ni dereva, naye hamwoni fundi ila kimeharibika. Isitoshe, Ogwedhi ni mahali wanapokutana Wajaluo, Wamaasai na Wakuria. Kiswahili ndicho daraja lao.

Wapenzi wa Kiswahili, tasnifu zetu kuhusu riwaya na mofolojia zina thamani yake. Hata hivyo, ni nani kati yetu aliyewahi kuketi gereji akaandika mwongozo wa ukurasa mmoja: kagua oili, breki, nati na upepo wa magurudumu kila asubuhi, safisha chujio, usizidishe abiria? Wala hatuna haja ya kubuni istilahi ngeni. Spana, plagi, klachi na grisi ni maneno yaliyokwisha kuzoeleka, mafundi wametutangulia. Kazi yetu ni kuyakusanya, kuyasanifisha na kuyarudisha kwao yakiwa yameandikwa.

Watengenezaji na wauzaji wabanwe watoe maelekezo kwa Kiswahili. Nasi tuwe tayari kuyaandika. Ufa wa Ogwedhi ungezibwa kwa ukurasa mmoja. Ukuta wake ni injini nzima.