MELI NDIYO MDAIWA

Wako wenzetu chamani wasemao kwamba mambo ya mabaharia hayatuhusu sisi wa reli. Nawakatalia. Mizigo tunayoivuta kwenda bara imeletwa Kilindini na watu, na wengine wao hukaa miezi kazini bila kuona senti moja. Shirikisho la ITF, lililoanzishwa London mwaka 1896, lina mabaharia na watu wa reli chini ya paa moja. Basi tuyaache maneno hayo.

Nataka kusema juu ya udanganyifu mmoja. Baharia akidai mshahara wake, humjia mtu wa sauti laini akamwambia: Shuka, ndugu, tiketi yako hii, fedha zitafuata nyumbani, lakini kwanza tia sahihi hapa kwamba umelipwa yote. Fedha hazifuati. Tajiri wa reli hawezi kuzikunja reli akaondoka nazo usiku. Ukimshitaki leo, kesho utamkuta. Meli hung'oa nanga, na mwenyewe yuko nchi usiyoijua, na kampuni yake labda ni sanduku la posta tu.

Ndiyo maana sheria ya bahari imempa baharia kitu ambacho sisi wa nchi kavu hatuna. Mdaiwa ni meli yenyewe. Mshahara hushikamana na chombo, hata kikiuzwa kwa tajiri mwingine deni hukifuata. Hapa Kenya kazi hiyo ni ya Mahakama Kuu: wakili hupeleka madai na kiapo, korti hutoa hati ya kuikamata meli, nayo haiondoki mpaka mwenyewe alipe au aweke dhamana. Akikataa, yaweza kuuzwa kwa amri ya korti, na zikiisha kutolewa gharama za korti, mabaharia hulipwa mbele ya benki iliyomkopesha mwenye meli. Mbele ya benki, nasema!

Tena uko Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014. Tangu Januari 2017 mwenye meli analazimika kuwa na bima. Baharia asiyelipwa miezi miwili huhesabiwa ametelekezwa, naye aweza kumdai mwenye bima moja kwa moja: mshahara usiozidi miezi minne, chakula, na nauli ya kurudi kwao. Cheti cha bima lazima kibandikwe melini mahali pa wazi. Kisomeni, mkinakili. Mwezi wa tano na kuendelea hudaiwa kwa meli.

Lakini mkataba huo umewaacha nje watu wa meli za uvuvi, na wa majahazi pia. Majahazi! Yametajwa kwa jina ili yatolewe. Basi bima hiyo hawana. Wabaki na korti, na korti yataka wakili, na wakili ataka fedha mbele. Mtu anadai kwa kuwa hana kitu, aambiwa alete kitu kwanza.

Naomba mkutano ujao wa tawi uzungumze juu ya mfuko wa wakili kwa ajili ya wenzetu hawa, na sisi wa reli tuwe wa kwanza kutoa. Na wewe baharia usomaye, tunza mkataba wako na hesabu ya siku zako, usitie sahihi karatasi ya uongo, uje chamani meli ingali gatini.

Mfanyakazi wa Reli, Mombasa