Karatasi Moja ya Maabara Haitoshi

Huenda harusi yako imekaribia na mhubiri amekutaka wewe na mchumba wako mkapimwe damu kwanza. Mmoja wenu akirudi na karatasi isemayo ana virusi vya Ukimwi, je, uchumba utavunjwa papo hapo? Ngojeni kidogo.

Kipimo cha kudungwa kidole hakitafuti virusi vyenyewe. Hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huunda ili kupigana navyo. Vipimo vya kutafuta askari hao viliidhinishwa Marekani mwaka wa 1985, miaka miwili baada ya wanasayansi wa Taasisi ya Pasteur, Paris, kuvigundua virusi hivyo.

Ni vipimo vizuri sana, lakini hebu tupige hesabu. Shirika la Afya Duniani hutaka kipimo cha haraka kisiwakosee zaidi ya watu 2 katika kila 100 wasio na virusi. Ni kidogo, sivyo? Basi wapime watu 1,000, na tuseme 10 kati yao wanavyo. Kipimo kitawanasa karibu wote. Lakini kati ya wale wazima 990, kinaweza kuwasingizia wapatao 20! Yaani waliosingiziwa ni wengi kuliko wenye virusi. Ndiyo maana tangu 2019 shirika hilo hushauri vipimo vitatu tofauti vikubaliane kabla ya mtu kuambiwa anavyo. Muulize mpimaji bila haya: ametumia vingapi?

Naye aliyeambiwa hana asikimbilie kushangilia. Askari hao huchukua majuma kadhaa kutokea, na kipimo cha kidole huenda kikahitaji hadi siku 90. Aliyeteleza Jumamosi akapimwa Jumatatu amejua hali yake ya zamani tu. Huyo angefanya heri kwenda hospitalini kabla ya saa 72 kupita, aombe dawa za kuzuia maambukizi, kisha arudi kupimwa.

Kuna na mtoto mchanga. Mama akiwa na virusi, mtoto huzaliwa na askari wa mamake damuni, nao huweza kukaa hadi miezi 18. Kipimo cha kidole kitasema anavyo hata kama ni mzima. Mtoto huyo hupimwa kwa PCR, ambayo hutafuta virusi vyenyewe. Mama, dai kipimo hicho, nawe baba usimnyoshee mtu kidole kabla majibu hayajarudi.