Kaunti ina mstari wake kwa mswada. Mtoto je?

Wasee, chukueni mswada wowote wa Bunge. Ruka vifungu vyote, enda mwisho kabisa, pale wameandika malengo na sababu. Hapo mwenye mswada lazima aseme kama unapunguza haki za watu, kama unagusa kaunti na kama utakula pesa ya umma. Poa. Sasa tafuta pale amesema utamfanyia mtoto nini.

Hakuna. Na Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema maslahi ya mtoto yanatangulia katika kila jambo linalomhusu.

Najua kuna mtu ataniambia ati ushuru haumhusu mtoto. Si unakumbuka Mswada wa Fedha wa 2024? VAT ya asilimia 16 kwa mkate. Ushuru wa mazingira kwa daipa. Hizo daipa huvaliwa na Waziri? Mkate wa bob 65 ungepanda kwa bob 10 na kitu, na huku mtaani kuna nyumba hiyo kumi ndiyo inaamua kama mtoto ataenda shule na slesi mbili tumboni ama na chai pekee. Mkate waliutoa watu wakianza kushuka tao. Mswada wenyewe Rais alikataa kuusaini Juni 26, na watu washakufa. Hesabu ambayo mtu wa ofisi angemaliza asubuhi moja ilifanywa na vijana barabarani.

Eti kulikuwa na maoni ya umma. Tangazo kwa gazeti, barua kwa Karani wa Bunge, kikao siku ya kazi. Dogo wa Form Two saa hiyo alikuwa darasani bana. Mimi mwenyewe nikiwa chuo, kabla fee inishinde niache, hilo gazeti sikuwahi kuliona.

Uskoti, tangu 2024, sheria inawalazimu mawaziri wapime mswada utawagusaje watoto kabla ya kuupeleka bungeni. Sisi hata hatuhitaji makubwa hivyo. Wabunge wabadilishe Kanuni za Kudumu zao, waongeze mstari mmoja. Hata jibu likiwa "haumdhuru mtoto", aandike, aweke sahihi, tujue ni nani alisema.

Mswada wa Fedha ujao ukitoka, nitausoma kuanzia mwisho. Skrinshoti mtapata hapa.