Moshi wa Jikoni na Macho ya Bibi



Tangu Juni hata Septemba mvua huwa haba huku kwetu Mwanza na kando ya Ziwa. Majani hukauka, na upepo huchukua vumbi la njia na la mashamba ya pamba, ukalitia mpaka ndani ya vyungu. Vumbi tunalilalamikia kila siku. Lakini moshi wa jikoni, ulio mbaya kuliko vumbi, tumekwisha uzoea kama mtu wa nyumbani. Leo tuutazame moshi huo.

Usukuma kuni ni shida. Zamani miti ilikatwa kwa wingi ili kuwafukuza mbung'o na kupata mashamba na malisho. Jirani zetu wa Shinyanga walifika mahali nchi yao ikaitwa jangwa, hata mwaka 1986 ikaanzishwa kazi ya HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ili kurudisha miti na ngitili. Basi mama asiye na kuni hupika kwa mabua, magunzi, miti ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Vitu hivi huwaka upesi na kutoa moshi mwingi kuliko kuni kavu. Tena jiko lenyewe mara nyingi ni mafiga matatu katika kijumba kisicho na dirisha.

Moshi huo una chembe ndogo mno, ndogo kuliko zile za vumbi tunazoziona. Pua haiwezi kuzizuia. Hushuka mpaka ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani, na kati yao watoto zaidi ya 237,000 walikuwa hawajatimiza miaka mitano. Wengi wa watoto hao walikufa kwa kichomi cha mapafu. Mama apikaye na mtoto mgongoni, mtoto naye anavuta moshi ule ule, na mapafu yake bado ni machanga.

Sasa nasema jambo zito. Mwanamke aliyepika miaka hamsini katika moshi, macho yake huwa mekundu, tena hutoka machozi. Moshi huongeza pia hatari ya mtoto wa jicho. Hayo ni malipo ya kazi ya kutulisha. Lakini Usukuma wako waliosema kwamba macho mekundu ni alama ya mchawi. Kwa hesabu zilizokusanywa na Serikali, tangu mwaka 1970 hata 1984 watu zaidi ya 3,000 waliuawa Tanzania Bara kwa kudhaniwa wachawi. Walio wengi walikuwa wanawake, na sehemu kubwa ya mauaji hayo ilitokea Usukuma. Bibi alipika, wajukuu wakashiba, kisha macho aliyoyaunguza kwa ajili yao yakawa ushahidi juu yake!

Ndugu Mkristo, usiseme maneno hayo, wala usikae kimya mwingine akiyasema kilabuni au kisimani. Kumwita mtu mchawi ni kosa la sheria: Sheria ya Uchawi ipo tangu mwaka 1928. Tena ni kosa juu ya Amri ya Nne na ya Tano. Ukiona macho ya bibi ni mekundu, mpeleke zahanati, kisha rudi ukatazame jiko lake.

Tufanyeje basi? Wengi hatuna fedha za gesi. Serikali imeweka mpango wa miaka kumi, tangu 2024 hata 2034, ili watu 80 katika kila 100 wapate nishati safi ya kupikia. Ni jambo jema, na mwenye uwezo aanze. Lakini asiye na uwezo naye asingoje, maana yako mambo yasiyodai fedha.

Kwanza, hewa ipite. Toboeni madirisha mawili jikoni, yaelekeane, na acheni nafasi kati ya ukuta na paa. Siku isiyo na mvua wala upepo mkali, pikeni nje.

Pili, jengeni jiko la udongo. Chukueni udongo wa kichuguu, mchanganye na mchanga na majani yaliyokatwa-katwa, mkandike kuuzunguka moto, mkiacha mlango wa kuni. Msiliwashe kabla halijakauka kabisa. Moto uliofungwa hutumia kuni chache. Mkiweza, wekeni dohani la kutoa moshi nje, lakini lisiguse nyasi za paa.

Tatu, kuni ziwe kavu na nyembamba. Zianikeni, kisha mzifunike zisinyeshewe. Lowekeni maharage na makande usiku, na sufuria iwe na kifuniko. Chakula kitaiva upesi. Wala msiwashe moto kwa plastiki, maana moshi wake ni sumu.

Nne, jiko la mkaa lisilale chumbani. Mkaa hauna moshi mwingi, lakini hutoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Watu hulala nayo wasiamke.

Tano, ninyi mnaokausha sangara kwa moshi huko mwaloni, jueni upepo. Usiku na alfajiri hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Mchana hugeuka ukaja majumbani. Tanuri liwe mbali na nyumba, na moto mkubwa uwashwe mapema.

Sita, vumbi. Nyunyizeni maji kabla ya kufagia, sakafu isiribwe mara kwa mara, na upande utokako upepo pandeni miti. Majani mafupi yaachwe kuzunguka ua. Si lazima kila mahali pawe pekundu kwa ufagio.

Katika kazi hizi, akina baba, msiseme jiko ni la wanawake. Kutoboa ukuta, kubeba udongo wa kichuguu na kupasua kuni ni kazi yenu. Hata marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alikumbusha kwamba moshi wa kupikia huwaletea watu ugonjwa. Kama Baba Mtakatifu aliingia jikoni kwa mawazo yake, wewe ni nani hata usiingie kwa miguu yako?

Katika jumuiya zenu ndogo ndogo, juma hili anzeni na bibi mmoja aishiye peke yake. Vijana wamtoboleee dirisha, akina mama wamkandikie jiko. Mkimaliza, kaeni naye mle ndani akipika uji, mtazame kama moshi unatoka.

Hadi juma lijalo, Mungu awabariki.

Karani wa Parokia