Sura ya Nkrumah kwa stempu haikuwa urembo

Wasee, kabla mniulize "hiyo stempu ni ngapi?", ngojeni kidogo.

Naongelea stempu ya Ghana ya 1957. Ni kakaratasi kadogo kuliko kitambulisho chako: sura ya Kwame Nkrumah, ndege mkubwa na ramani ya Afrika. Ilitoka 6 Machi, siku ile ile ya uhuru. Na tuambiane ukweli, haitakutoa kwa rent. Zilichapishwa nyingi.

Sasa mbona nakusumbua nayo? Kwa sababu ilizua kelele. Nkrumah alikuwa waziri mkuu tu. Malkia Elizabeth alibaki mkuu wa nchi hadi 1960, na stempu za Gold Coast zilikuwa na sura yake. Zingine zilipigwa tu chapa ya uhuru juu ya Malkia, zikaendelea na kazi! Wapinzani wakasema Nkrumah anajikweza. Yeye akajieleza kwa gazeti la Uingereza mwaka huo huo: watu wengi hawajui kusoma, lazima uhuru wauone kwa macho.

Mimi naona pande zote mbili zilikuwa na ukweli. Kama umezaliwa ukilamba stempu ya mzungu, kuona Mwafrika hapo si kitu kidogo. Lakini kufikia 1964 Ghana ilikuwa nchi ya chama kimoja, na 1965 sura ile ile ikawa kwa noti za sidi. Sura ya kwanza ilisema "tuko huru". Ya pili, kwangu, ilisema "nchi ni mimi".

24 Februari 1966 jeshi likampindua. Sanamu yake Accra ikaangushwa. 1967 zikaletwa noti mpya zisizo na sura yake. Lakini stempu je? Zilishasafiri zamani, ziko kwa bahasha na albamu za watu dunia nzima. Hakuna serikali inaweza kuziita zirudi nyumbani.

Ndio maana napenda Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 231: hakuna picha ya mtu kwa pesa. Sarafu za 2018 zikaja na twiga, faru, simba na ndovu. Twiga hagombei kiti, buda.

Msimamo wangu ni huu. Kiongozi aliye madarakani asijibandike mahali popote. Akishatoka, tukimpima na kuona alifanya kazi, sisi ndio tumbandike. Heshima unapewa, hujipatii.

Na kama shosho yako ana barua za zamani kwa sanduku, usiache zichomwe. Usibandue stempu pia, weka bahasha nzima na muhuri wake. Halafu muulize huyo kwa picha alikuwa nani, na yeye alimwonaje. Hilo jibu hutalipata ukishachelewa.